Mchango wa paa la chuo: upitie Leicester, Toronto, Columbus, Maskati au Kariakoo?

Karafuu zikishauzwa, grupu letu la ukoo huwa halilali. Waliopo Pemba wana chochote mkononi, na walioko nje wanajua kuwa zamu yao ya kuulizwa imefika. Safari hii ilitosha picha moja: paa la chuo cha Kurani cha kijijini kwetu, Wingwi, bati zimeliwa na kutu hata ukiwa ndani unahesabu matawi ya mwembe ulio nje. Mwalimu wa chuo hakuandika maneno mengi. Alisema tu kwamba masika yakianza itabidi watoto wasomee kwenye baraza za watu.

Ahadi zikamiminika. Ami yangu aliyeko Leicester, dada yangu wa Toronto, binamu aliyehamia Columbus, Ohio, shangazi wa Maskati, na kaka mwenye duka Kariakoo kama walivyo Wapemba wengi. Sisi tuliobaki tukatoa nguvu zetu, mchanga na chakula cha mafundi. Ndipo dada akauliza swali lililotutia kazini:

"Ami, nasikia ukipitisha kwenye taasisi ya huko kwenu, serikali inaongeza juu yake. Kweli?"

"Inaongeza robo nzima, mwanangu."

"Na huku kwetu wananirudishia mimi. Sasa bora ipi?"

Shangazi akaingia na ujumbe wa sauti: "Kodi na sadaka wapi na wapi? Tumeni tu, Mungu anaona." Watu wakaweka alama za kucheka, lakini swali likabaki pale pale, na kwa kuwa mimi ndiye mshika fedha, likaniangukia mimi. Nimelifanyia kazi kwa wiki kadhaa. Haya ndiyo niliyoyapata, nayaweka hapa kwa sababu najua ukoo wetu si peke yake wenye watu waliotawanyika hivi.

Kitu kinachotizamwa ni mlango

Nchi hizi zinapotoa nafuu ya kodi kwa mtoaji, hazianzi kwa kumuangalia anayepokea. Zinaangalia mlango ambao fedha zimepitia, na mlango huo lazima uwe ndani ya nchi anayolipia kodi mtoaji mwenyewe. Ami wa Leicester akipeleka kwenye taasisi ya hisani inayotambuliwa Uingereza, na taasisi hiyo ikaja kuezeka chuo Wingwi, anahesabiwa. Akimtumia mwalimu wa chuo fedha zile zile kwa simu, jioni ile ile, kwa paa lile lile, mtu wa kodi hamuoni. Ni hivyo Toronto, ni hivyo Columbus.

Kutoka hapo linafuata jengine ambalo linawaumiza wengi wetu: fedha ya kumsaidia mtu kwa jina lake haina nafuu popote. Ada ya skuli ya mtoto wa jirani, matibabu ya bibi, mtaji wa kijana aliyemaliza dakhalia, yote hayo ni mema, na pengine ndiyo yanayokula sehemu kubwa ya fedha zinazotoka nje kuja Pemba. Hakuna fomu ya kodi itakayoyapokea. Kwa hiyo ulinganisho huu unafaa kwa mambo ya watu wote: chuo, kisima, kituo cha afya, madawati.

Tofauti ya pili ni nani anapata hiyo nafuu. Uingereza sehemu kubwa inakwenda kwa taasisi, yaani kwa paa. Kanada inamrudia mtoaji, kwa kupunguziwa kodi yenyewe. Marekani na Tanzania mtoaji anapunguziwa kipato kinachohesabiwa kodi, jambo ambalo ni dogo kuliko linavyosikika: ukipunguziwa kipato cha 1,000 na kiwango chako ni asilimia 12, ulichookoa ni 120. Oman kwa sasa hakuna kodi ya mtu binafsi, kwa hiyo hakuna cha kupunguza.

Leicester

Mpango wa Uingereza unaitwa Gift Aid. Ulianza 1990 kwa michango mikubwa tu, na 2000 kiwango cha chini kikaondolewa, hata pauni moja ikawa inahesabiwa. Hesabu yake ni hii: pauni 100 zilizoko mfukoni mwa mfanyakazi wa kawaida zilishakatwa kodi ya asilimia 20. Kabla ya kukatwa zilikuwa 125. Ukizitoa kwa taasisi ya hisani na kujaza tamko kwamba unalipa kodi, taasisi inakwenda kudai zile 25 kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya huko. Ami akitoa pauni 1,000, taasisi inapokea 1,250. Yeye haandiki chochote zaidi ya tamko lake, lenye jina na anwani ya nyumbani.

Mwenye mshahara mkubwa, anayekatwa asilimia 40, anapata na kipande chake. Katika ile 1,250 anadai mwenyewe ile tofauti ya asilimia 20, yaani pauni 250. Paa limepata 1,250 na yeye zimemtoka 750. Ami si wa daraja hilo, lakini mtoto wake ni daktari, na alikuwa akitoa miaka yote bila kudai hata senti. Nilipomwambia alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama anaweza kurudi nyuma. Anaweza, kwa miaka minne.

Sasa masharti, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo tulipoungua.

Lazima mtoaji awe amelipa kodi ya kutosha mwaka huo, na mwaka wao wa kodi unaanza tarehe 6 Aprili. Mapato ya hadi pauni 12,570 hayatozwi kodi. Mwanafunzi anayefanya kazi ya saa chache, au mama anayeishi kwa posho ya serikali, akitia alama kwenye kile kisanduku cha Gift Aid kwa nia njema, serikali italipa ile robo kisha itakuja kumdai yeye. Wengi hutia alama kwa sababu kisanduku kipo na mtu wa mezani anatabasamu.

Sharti jengine ni kwamba tamko ni la mtu mmoja kwa fedha zake mwenyewe. Mwaka juzi tulichangia tangi la maji la skuli. Ami alifanya kama tunavyofanya siku zote: alipita kwa marafiki zake kumi na tatu, akakusanya, akaongeza zake, akapeleka zote kwa jina lake. Mhasibu wa taasisi ile, ambayo sina haja ya kuitaja, akauliza swali moja tu, fedha hizi zote ni zako? Ami hawezi kusema uongo kwa ajili ya sadaka. Robo ikahesabiwa kwa zile zake tu, nyengine zikapita kavu. Utamaduni wetu wa mchango, mtu mmoja kushika daftari na kuzunguka nyumba kwa nyumba, haukai vizuri na Gift Aid. Kila mtu ajaze tamko lake, hata kama fedha zinaletwa na mkono mmoja. Upo mpango mdogo wa pembeni kwa sarafu na noti za kwenye kapu, zisizozidi pauni 30 kwa mtu, ambao hauhitaji tamko, lakini ni taasisi yenyewe inayoudai, kwa kikomo chake, na ziko taasisi ndogo zisizoujua.

Na lipo la tatu ambalo halimo kwenye sheria yoyote. Uliza taasisi inakata kiasi gani kwa shughuli zake. Ikiwa inakata 20 katika kila 100, basi 1,250 yako, ikishakatwa, inabaki 1,000 kamili. Umezunguka Leicester nzima ukarudi pale pale ulipoanzia. Kwangu mimi hili ni muhimu kuliko kiwango cha kodi.

Toronto

Dada yangu alikuwa sahihi kwamba kwake anarudishiwa, lakini hakujua kwa nini mwaka wa kwanza alirudishiwa kidogo mno. Kanada ina ngazi mbili. Dola 200 za mwanzo za mwaka zinapata nafuu ya kiwango kidogo, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa asilimia 15 kwa serikali kuu. Kinachozidi 200 kinapata asilimia 29, na kwa wenye mapato ya juu kabisa hufika 33. Juu yake jimbo linaongeza lake. Kwa mkaazi wa Ontario, dola 1,000 zinazotolewa mwaka mmoja zinampunguzia kodi kama dola 360 kwa jumla. Hiyo ni zaidi ya theluthi, na inapunguzwa kwenye kodi yenyewe, kwa hiyo mfanyakazi wa ghala na mwenye ofisi wanapata karibu sawa kwa mchango ule ule.

Ukishaona zile ngazi mbili, akili inakwenda yenyewe. Mtu anayetoa 200 kila mwaka yuko ngazi ya chini maisha yake yote. Sheria inaruhusu mchango usiodaiwa kubebwa mbele hadi miaka mitano, kwa hiyo anaweza kukaa na stakabadhi zake, akazidai zote mwaka mmoja, na ngazi ya chini ikamgusa mara moja tu. Mume na mke pia wanaruhusiwa kuunganisha michango yao kwenye fomu ya mmoja. Dada na shemeji walikuwa wakitenganisha, kila mtu na yake, kwa sababu ya adabu ya fedha za mke na fedha za mume. Adabu ni nzuri, lakini ilikuwa inawapitisha kwenye ile ngazi ya chini mara mbili.

Nafuu hii inapunguza kodi uliyonayo. Asiyedaiwa kodi hapati kitu mkononi. Na stakabadhi lazima iwe rasmi, yenye namba ya usajili ya taasisi.

Tatizo la Kanada lilikuwa upande wa kuja huku. Kwa miongo mingi taasisi ya huko ilitakiwa kuisimamia kazi ya nje kama kazi yake yenyewe: mkataba wake, maelekezo yake, picha za kila hatua. Jumuiya ya kijiji ilikuwa haiwezi kupewa fedha tu ikaachwa ifanye. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa, na sasa taasisi inaweza kuipa ruzuku jumuiya isiyosajiliwa Kanada ikiwa itahakikisha fedha zimetumika kwa hisani na ikaweka kumbukumbu. Makaratasi bado ni mengi. Mwalimu wetu wa chuo anaandika khati nzuri sana, lakini ripoti ya robo mwaka hajawahi kuandika.

Columbus

Binamu ndiye niliyemuonea huruma. Marekani ndiyo inayosifiwa kwa nafuu ya kutoa, nayo imo kwenye sheria yao tangu 1917, lakini kwa mtu wa kawaida imekuwa kama nyama ya kwenye picha. Kila mlipa kodi huchagua: ama achukue punguzo la jumla analopewa kila mtu, ama aorodheshe moja moja gharama zinazokubalika, ikiwemo michango. Punguzo la jumla lilikaribia kuongezwa mara mbili kwa sheria ya 2017, na kwa mapato ya 2025 ni dola 15,750 kwa asiyeoa na 31,500 kwa wanandoa. Ili michango yako ihesabike, orodha yako yote lazima ivuke hapo. Mpangaji wa fleti asiye na mkopo wa nyumba haivuki. Basi alikuwa akitoa, akipewa barua ya shukrani, na barua inakaa kwenye droo.

Kuanzia mapato ya 2026 pamefunguka kidogo. Asiyeorodhesha anaweza kupunguza hadi dola 1,000 za michango ya fedha taslimu, au 2,000 kwa wanandoa, mradi zimekwenda kwenye taasisi za hisani za umma. Wanaoorodhesha nao wamewekewa kizingiti: michango ya mwanzo, ile iliyo ndani ya nusu ya asilimia moja ya mapato yao, haihesabiwi. Binamu aliahidi dola 300. Akiwa kwenye kiwango cha asilimia 12, ataokoa 36. Taasisi aliyoipata inakata asilimia 10, yaani 30. Ukiweka na wiki alizopoteza kuwaandikia, ni hasara. Angekuwa anatoa 5,000, na ana nyumba ya mkopo, ningemwambia akusanye sadaka zake za miaka miwili au mitatu azitoe mwaka mmoja ili aruke lile punguzo la jumla.

Jambo jengine la huko: taasisi ya Marekani haitakiwi kuwa bomba tu la kupitishia. Ukiwapa fedha na sharti kwamba ziende kwa chuo fulani na kwao hakuna hiari yoyote, nafuu inaweza kukataliwa. Lazima wao ndio waamue, wewe upendekeze.

Maskati

Hapa ni pafupi. Shangazi hatozwi kodi ya mapato, kwa hiyo hana cha kurudishiwa wala cha kuongezewa. Atume moja kwa moja, na anachotakiwa kulinganisha ni ada ya kutuma tu. Oman imetoa sheria ya kodi ya mtu binafsi mwaka 2025, ya kwanza katika nchi za Ghuba: asilimia 5 kwa mapato yanayozidi riali 42,000 kwa mwaka, kuanzia 2028, na ndani yake michango na zaka zimewekewa punguzo. Nilipomsomea shangazi kile kiwango alicheka hadi akakohoa. Hamhusu.

Kariakoo, na sisi wenyewe

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo duka la Kariakoo na duka la Wete yako chini ya sheria moja, ile ya Kodi ya Mapato ya 2004. Kifungu chake cha 16 kinampa mfanyabiashara punguzo la kipato kwa michango aliyoitoa kwa taasisi ya hisani iliyotambuliwa au kwa mradi wa maendeleo ya jamii. Lakini kuna kikomo: asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kampuni ya kaka ikipata faida ya shilingi milioni 100, kinachohesabiwa ni milioni 2, na kwa kodi ya makampuni ya asilimia 30 anaokoa laki sita. Akitoa milioni 10 kwa moyo wake wote, anaokoa laki sita hiyo hiyo. Mchango unaokwenda kwenye Mfuko wa Elimu wa taifa haumo ndani ya kikomo hiki, na kwa kampuni kubwa hiyo ni tofauti ya kweli. Kwa paa la chuo cha Wingwi haisaidii.

Kuna watu wawili sheria hii inawapita juu. Wa kwanza ni muajiriwa. Muuguzi wa Chake Chake anayekatwa kodi kwenye mshahara wake anaweza kutoa nusu ya mshahara huo na asipunguziwe hata shilingi, kwani kifungu kinazungumzia mapato ya biashara. Wa pili ni mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 ambaye hukadiriwa kodi kwa mauzo yake. Kwake hakuna hesabu ya faida, kwa hiyo hakuna pa kupunguzia. Ukiwatoa hao wawili, sijui hapa kwetu panabaki watu wangapi wa kulifaidi punguzo hili. Wachache.

Na hata kaka asidhani kuwa jumuiya yoyote yenye cheti inatosha. Jumuiya zetu nyingi zimesajiliwa kwa Sheria ya Jumuiya ya 1995, na viongozi wake huonyesha cheti hicho kwa fahari. Hicho kinathibitisha kuwa mpo. Kutambuliwa kuwa taasisi ya hisani kwa ajili ya kodi ni uamuzi mwengine, unaotolewa na Kamishna wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, kwa maombi, na sheria imetaja makusudio yanayokubalika: kuwaondolea watu umasikini na dhiki, kuendeleza elimu, afya ya umma, maji, barabara. Ukiisoma orodha hiyo unaona wapi pa kumuelekeza kaka. Paa la chuo anaweza kulitetea kwa upande wa elimu, ila atabishana. Kisima hakina ubishi.

Kwa kijicho tu: Malaysia

Kijana mmoja wa ukoo aliyesoma Kuala Lumpur alituletea habari iliyowafanya wazee waketi vizuri. Malaysia, Muislamu akilipa zaka kwenye chombo kinachotambuliwa cha jimbo lake, kodi yake inapungua ringgit kwa ringgit. Anadaiwa kodi 3,000, amelipa zaka 1,000, anabakisha 2,000. Mchango wa kawaida, usio zaka, haupati hivyo. Huo hupunguza kipato tu. Indonesia nao wana nafuu ya zaka, lakini ya daraja la chini zaidi: zaka inapunguza kipato kabla ya kodi, kwa hiyo mwenye kiwango cha asilimia 15 anaokoa sehemu hiyo tu.

Mzee mmoja akauliza kwa nini isiwe hivyo Zanzibar, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana tunayo, ina sheria yake ya 2007. Jibu limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Baraza la Wawakilishi haliwezi peke yake kugusa kodi ya mapato, na sheria iliyopo haijui zaka kwa jina. Grupu likachangamka kwa siasa hadi usiku, ikabidi nifunge mjadala.

Huko huko kwenye zaka, ami aliuliza kama anaweza kutia Gift Aid kwenye zaka yake. Kwa sheria ya Uingereza anaweza, kwani kwao zaka ni mchango kama mwengine. Kama ile robo ya serikali ihesabiwe ni zaka na itumiwe kwa wanaostahiki zaka tu, au iwe fedha ya kawaida, hilo nimemrudisha kwa sheikh wake. Hata shangazi ana hoja yake: sadaka bora ni ile ya siri, na Gift Aid inataka jina na anwani. Asiyetaka kujulikana anaruhusiwa kutoa bila tamko. Robo ndiyo bei ya siri yake.

Na kwa kuwa ami ana umri, nikamtajia na la wasia. Uingereza mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000 hutozwa asilimia 40, ingawa kuna nafuu nyengine nyumba ikienda kwa watoto. Kinachoachwa kwa taasisi ya hisani ya Uingereza hakitozwi kabisa, na akiacha angalau sehemu ya kumi ya kile ambacho kingetozwa, kiwango kwa kilichobaki kinashuka hadi 36. Wasia wetu una nafasi ya theluthi. Sehemu ya kumi inaingia humo bila taabu. Nyumba za Leicester zimepanda bei, na wazee wengi walionunua zamani hawajui kuwa wamo ndani ya hesabu hii.

Nilivyowagawa

Nilichojifunza kwenye tangi la maji ni kwamba fedha za nafuu huchelewa. Taasisi inakusanya, inadai, inasubiri, ndipo inatuma. Mvua hazisubiri. Kwa hiyo nikawagawa kwa haraka ya kazi kwanza, kisha kwa kodi.

Fedha za shangazi na za binamu zimekuja moja kwa moja, na zimeshakuwa mbao na bati. Ami amepata taasisi inayokata asilimia 5, kwa hiyo katika kila 1,250 zinafika 1,187 na nusu, na marafiki zake kila mmoja anajaza tamko lake; zikifika zitakuwa sakafu na umeme. Dada na shemeji wataunganisha zao kwenye fomu ya shemeji, kupitia taasisi ya Toronto iliyokubali kutupa muda wa ripoti, na kile watakachorudishiwa wamesema watakileta mwakani. Nimekiandika kwenye daftari kwa wino, ili wasisahau. Kaka anachimba kisima nyuma ya chuo, kupitia jumuiya yenye uamuzi wa TRA mkononi, na risiti anaitaka kwa jina la kampuni, si kwa jina lake.

Ripoti za Toronto tumempa mwalimu wa skuli ya sekondari, ambaye analipwa kwa pishi ya mchele kila ripoti moja. Ami bado anawafukuzia marafiki wawili walioandika anwani ya zamani.